Weka Kopo la Grisi Chini: Mazungumzo na Mafundi Baiskeli wa Dodoma

Mafundi, habari za asubuhi. Wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua ninaanzia wapi. Baiskeli za kaboni za mtumba, yaani za nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, zimeshaingia mjini, na mkono wetu ukiona bomba la siti unakimbilia kopo la grisi kabla kichwa hakijaamua. Bomba la chuma kwenye fremu ya chuma, sawa, paka. Kaboni ukiipaka grisi umetengeneza utelezi.

Tazameni mchezo unavyokwenda. Kijana anatoka Nzuguni kwenda Chamwino, siti inashuka. Fundi wa kwanza anakaza. Kufika Ihumwa imeshuka tena. Wa pili anakaza, na huyu ana mikono. Wa tatu anachomeka kipande cha bomba la maji kwenye spana ili apate nguvu. Siti imetulia, kijana kalipa, kila mtu kafurahi. Hakuna hata mmoja aliyesoma kibano kinachobana bomba, na pameandikwa Nm 5, kipimo cha mwisho cha nguvu ya kukaza! Kaboni inavumilia kuvutwa, kubanwa vile haivumilii. Nyuzi zinapasuka ndani, nje huoni kitu. Chuma hupinda kwanza, kikakuonya. Hii inakatika ghafla, na mtu amekaa juu yake.

Dawa ni pesti ya kaboni: ute wenye chembe ndogo sana ngumu zinazoshika bomba huku na fremu huku, hivyo siti inakaa kwa kukaza kidogo tu.

Sasa kuna bwana kila mara ananiuliza: "Mzee, si mchanga huo? Mchanga Dodoma tunao bure." Ndugu yangu, mchanga wetu umetoka kwenye miamba hii ya matale, una ncha kali, punje kubwa na ndogo zimechanganyika. Punje moja kubwa ikikaa chini ya kibano, nguvu yote inaangukia hapo, inachimba kaboni. Chembe za pesti ni ndogo kama unga, tena zinalingana. Wewe unaogopa gharama ya kitubu ambacho kitafunga baiskeli nyingi, halafu unamlipa mteja bomba zima? Na mwingine atasema mbona yeye alipaka grisi na siti haijashuka. Muulize aliikaza kiasi gani.

Kupaka kwenyewe ni kazi ndogo. Futa grisi ya zamani kwa spiriti, kwenye bomba na ndani ya fremu. Pitisha kidole mdomoni mwa fremu. Ukikuta ukali, uondoe kwa msasa. Paka utando mwembamba pale panapobanwa tu, ingiza bomba mpaka alama ya mwisho ifichike, usilizungushezungushe. Kaza kidogokidogo kwa spana yenye kipimo. Changeni mnunue moja kwa kijiwe kizima. Ikiteleza wakati umefikia namba, acha kukaza. Ama grisi imebaki, ama kipenyo si chake: milimita 27.0 na 27.2 kwa macho ni ndugu, na pesti haizibi tofauti hiyo.

Naona naoneshwa saa. Bomba la alumini ndani ya fremu ya kaboni nalo lina mambo yake: jasho likiingia alumini inaoza, linaganda humo. Litoeni angalau mara moja kwa mwaka, msafishe, mpake upya. Usukani tutauzungumza siku nyingine. Haya, aliyekuja na baiskeli aisogeze hapa mezani.