Gitaa Huimba kwa Ubao Gani?

Wazee wangu, ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kuja, maana mvua hii na foleni ya Jinja Road vingetosha kumrudisha mtu nyumbani.

Nimekuja na magitaa mawili ya nyuzi za nailoni. La kushoto ni la kiwandani, ndilo ninalofundishia kila siku. La kulia limetengenezwa kwa mkono, fundi mmoja tangu ubao wa kwanza hadi rangi ya mwisho. Si langu. Mwenyewe kaniazima kwa masharti marefu kuliko ya benki.

Mtu akishika gitaa la bei kubwa, kwanza huligeuza atazame mgongo. Aone rosewudi, ule ubao mgumu wa thamani, mistari imejipinda kama moshi. Uzuri wake siupingi. Lakini mwaka 1862 fundi wa Kihispania, Antonio de Torres, alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu. Karatasi! Juu tu ndiko alikoweka ubao mzuri, na gitaa likalia. Alitaka watu wajue sauti inatoka wapi. Gitaa hilo lipo mpaka leo katika makumbusho ya muziki, Barcelona.

Sisi wa hapa tusishangae. Endongo, kinubi cha Baganda, ina bakuli la mbao, lakini kinachoipa ule mlio wa kukwaruza kidogo ni ngozi ya kenge iliyowambwa juu.

Uzi peke yake hausikiki, ni mwembamba mno kusukuma hewa. Ukiudonoa, unatikisa daraja, kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitaa, daraja linatikisa ubao wa juu, ubao unaisukuma hewa ya tumboni itoke tunduni. Na ubao wenyewe una unene wa milimita 2 na ushei tu! Kwa ndani umeshikiliwa na vijiti vyembamba. Torres alizoea kupanga saba, vimetawanyika kama upepeo. Hapa ndipo fundi anapoota mvi. Akiupunguza ubao, gitaa linajibu upesi, sauti inaruka, kisha inakufa mapema kama ya ngoma. Akiuacha mnene, noti inadumu, ila kidole kinafanya kazi ya jembe. Kwa hiyo hugonga kwa ncha ya kidole, husikiliza, hukwangua kidogo, hugonga tena. Kiwanda hukata mbao zote kwa kipimo kimoja, na hakuna miti miwili yenye ugumu sawa. Mnaponiuliza kwa nini gitaa hili lina bei ya bodaboda mbili, jibu langu ni huko kugonga.

Kuhusu mti wa ubao wa juu, wapigaji wamegawanyika kama mashabiki wa mpira. Sprusi ya Ulaya, mti wa jamii ya msonobari, ina sauti safi, kila noti imesimama peke yake, na huchangamka zaidi kadiri inavyopigwa miaka mingi. Mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini, ulioenezwa na fundi José Ramírez III wa Madrid miaka ya 1960, una joto na unene tangu siku ya kwanza. Mimi ni mtu wa sprusi. Mwerezi hunifurahisha dakika kumi, halafu nahisi nimekunywa chai yenye sukari nyingi.

Mgongo nao si bure, huongeza rangi ya sauti. Na kwa kuwa biashara ya kimataifa ya rosewudi ya Brazili imebanwa tangu 1992, mafundi wengine wamegeukia mpingo wetu, unaoota hata kaskazini mwa Uganda. Ni ndugu wa damu wa rosewudi, jenasi moja.

Joto niliseme kwa ufupi: msiliache gitaa kwenye buti la gari juani. Gundi hulegea, daraja hung'oka. Nimeliona, na lilikuwa langu.

Sasa tusikilize. Sitapiga wimbo, maana wimbo mtamu huficha gitaa baya. Nitapiga uzi wa tatu, ule wa G. Ndio mnene kuliko nyuzi zote zisizozungushiwa waya, na kwenye magitaa mengi hutoa sauti ya kufunikwa blanketi. Nitaanza chini, nipande noti moja moja mpaka karibu na tundu.

Mama uliyekaa nyuma kabisa, fumba macho tafadhali. Nitabadilisha gitaa bila kusema. Noti ikikufikia hapo ulipo ikiwa na mwili wake wote, nyoosha mkono.