Seli ya Ini na Kitanda Inacholalia

Ndugu wasikilizaji,

Mwaka 1931 watafiti wawili, Higgins na Anderson, walieleza namna ya kumpasua panya wa maabara na kumwondolea theluthi mbili ya ini lake. Panya yule hupona, na baada ya siku saba hadi kumi hivi ini lake hurudia uzito wake wa awali. Pande zilizokatwa hazichipui tena kama mkia wa mjusi. Zile zilizobaki ndizo hunenepa, kwa kuwa seli zake, ambazo kwa kawaida hukaa muda mrefu bila kugawanyika, huanza kunakili DNA zao, na kwa panya huyo shughuli hiyo hufikia kilele mnamo saa 24 baada ya upasuaji. Swali langu leo ni hili: nani aliyeziamsha?

Jibu la kwanza lilitafutwa katika damu, na kwa haki. Panya wawili wakiunganishwa mzunguko wa damu, mmoja akikatwa ini, seli za ini la mwenzake ambaye hakuguswa nazo huanza kugawanyika. Katika miaka ya 1980 kikatambuliwa kichocheo cha ukuaji kinachoitwa HGF, ambacho hushika kipokezi chake, Met, juu ya seli ya ini na kuisukuma igawanyike. Kipo pia EGF, chenye kipokezi chake.

Hata hivyo, kichocheo peke yake hakitoshi, na hapa naomba tutulie kidogo. Chukua seli za ini zilizotengwa, uziweke katika vyombo viwili vyenye maji yaleyale ya lishe na EGF ileile. Chombo cha kwanza kina sakafu ngumu iliyopakwa utando mwembamba wa kolajeni, protini yenye nyuzi imara. Cha pili kina jeli laini ya matriki, yaani ule utando wa protini unaozishika seli kutoka nje. Ukitazama kwa hadubini, utaona katika chombo cha kwanza seli zimejitandaza zikawa bapa, nyingi zikinakili DNA, huku kazi zao za kawaida zikififia siku hadi siku. Katika cha pili zimebaki mviringo, zimekumbatiana katika vifundo, zinatengeneza albumini, protini ya damu ambayo ni kazi yao ya kawaida, kwa bidii na hazigawanyiki karibu kabisa. Ujumbe ni mmoja, majibu ni mawili. Seli hushika matriki kwa protini zinazoitwa integrini, na mshiko huo, pamoja na umbo ambalo seli hulipata kwa kuvutana na sakafu yake, huamua kama saiklini D1, protini inayoanzisha mgawanyiko wa seli, itapanda na kufungua mlango wa mgawanyiko.

Tena matriki ni ghala. Sehemu ya HGF hukaa imenaswa humo katika minyororo ya sukari yenye salfati, ikiwa bado haina nguvu. Dakika chache tu baada ya ini kukatwa, kimeng'enya cha urokinesi huongezeka utendaji, matriki huanza kuyeyushwa, na HGF huachiwa na kukatwa ikawa hai. Siku chache baadaye seli za mishipa hupenya katika vifundo vya seli mpya, matriki hutandikwa upya, na TGF-beta, ambayo huzuia mgawanyiko, husaidia kurudisha utulivu.

Ndiyo maana siridhiki ninaposikia watu wakizungumzia kutibu ini lenye kovu kwa kuliongezea vichocheo vya ukuaji tu. Katika ini hilo, seli za nyota, yaani seli za ini zinazotengeneza kovu, zimemwaga kolajeni nyingi na ngumu, na seli ya ini inalala juu ya kitanda kigeni. Kuisukuma igawanyike hapo, ambapo saratani tayari hupenda kuzuka, ni jambo la kuogopesha. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya B ambao virusi vyao vimedhibitiwa kwa dawa kwa miaka kadhaa wanatuonyesha njia nyingine: kwa wengi wao kolajeni imepungua na kovu limerudi nyuma, bila yeyote kuwapa HGF.