Barafu za vijiti za maembe na ukwaju: tuzipike pamoja, hapa Malindi

Asalaam aleykum, karibuni jikoni kwangu hapa Malindi. Kaskazi imekolea, joto limevuka nyuzi 30, na watoto wakitoka madrasa swali lao la kwanza ni barafu. Basi leo tunatengeneza barafu za vijiti za aina mbili: ya maembe kwa tui la nazi, halafu ya ukwaju. Rangi utakayoiona ni ya tunda lenyewe. Ule unga wa rangi wa pakiti hautaingia humu, kwa sababu maembe yamejaa sokoni, na mtoto anayekulia Malindi anastahili kuijua ladha ya embe la kwao.

Kwanza maji, na hapa naomba msikilize vizuri. Baridi ya friza haiui vijidudu. Inavilaza tu, na barafu ikiyeyuka mdomoni vinaamka. Kwa hivyo maji ya kisima, ya mfereji, hata yale ya tangi yanayoonekana masafi, yachemshe mpaka yatokote kwelikweli, uyaache yatokote dakika moja nzima, kisha uyafunike yapoe. Mimi huyachemsha usiku, asubuhi yako tayari. Matunda nayo yaoshe kabla ya kuyamenya, maana kisu kinachopita kwenye ganda chafu hupeleka uchafu ndani ya nyama. Na mikono, kwa sabuni.

Sasa sogea hapa uyaone maembe. Hili refu, lenye ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku, ni ngowe. Halina nyuzi nyingi, na kwa kazi hii ndilo ninalolipenda kuliko yote. Hili la mviringo ni embe apple, tamu, lina maji mengi, nalo linafaa sana. Boribo pia ni zuri. Ukipata dodo lilete, lakini utalichuja, maana nyuzi zikiganda zinakwama menoni. Usichague kwa rangi. Linuse pale kwenye kikonyo: likinukia, limeiva. Lile lililolainika mpaka linabonyea ndilo tunalolitaka, na mara nyingi muuzaji atakupunguzia bei, kwa sababu wateja wengine wanaliruka.

Tunahitaji maembe matatu makubwa. Nayamenya, naikata nyama mpaka kwenye kokwa, na kokwa naikwangua kwa kijiko kwa sababu kuna utamu mwingi pale. Nikimaliza napata vikombe vitatu vya nyama ya embe. Ninaposema kikombe, nina maana ya hiki cha kupimia, cha mililita 250. Natia kwenye blenda pamoja na maji yetu yaliyopoa, kikombe kimoja kasoro robo. Nasaga mpaka iwe laini kabisa. Kama huna blenda, pondaponda kwa mwiko kisha ipitishe kwenye chujio, itafika palepale.

Tui sasa. Nakuna nazi moja kwa mbuzi, natia maji ya vuguvugu kidogo sana, nakamua. Nataka lile tui la kwanza tu, kasimile, nusu kikombe. Tui la pili liweke upikie wali au mchuzi. Sababu ya kutumia kasimile si ladha peke yake. Mafuta ya nazi yanajipenyeza katikati ya chembe za barafu na kuzizuia zisishikane zikawa jiwe. Ukiuma unapata kitu laini. Nalitia kwenye embe, nasaga tena kidogo, nakamulia ndimu moja, natia chumvi chembe mbili tatu na hiliki iliyosagwa, robo kijiko cha chai. Hiliki isizidi hapo, ikizidi inalifunika embe.

Sukari nimeiacha mwisho makusudi, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama barafu yako itafaulu. Usiitie kwa mazoea ya juisi. Ulimi ukipata baridi hauhisi utamu sawasawa, kwa hivyo mchanganyiko ulio sawa kabisa sasa hivi utakuwa wa kupooza ukishaganda. Onja. Unatakiwa uhisi kwamba utamu umezidi kidogo, kiasi cha kusema "kama ingekuwa juisi ningeongeza maji." Hapo ndipo pake. Na sukari ina kazi nyingine: inachelewesha maji kuganda. Ikiwa kidogo mno, utapata bonge gumu la kuvunja meno. Ikiwa nyingi mno, barafu itakuwa tepetepe, kijiti kitachomoka peke yake. Kwa maembe haya matamu natia nusu kikombe, kama gramu 100, nakoroga mpaka ipotee yote. Yako yakiwa machachu ongeza kijiko kimoja kimoja huku ukionja. Tafadhali usimimine kwa kukisia.

Haya, vyombo. Zamani barafu zilifungwa kwenye vimifuko vya nailoni, unang'ata pembeni unafyonza. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya, na mimi naona ni kheri, kwa sababu ilikuwa inaishia ufuoni na baharini. Kama una kalibu maalumu za barafu za dukani, vizuri. Kama huna, chukua vikombe vidogo vya stili au mikebe ya mtindi iliyooshwa vizuri. Vile vikombe vyetu vya kahawa vya kauri viache kabatini, na bilauri za kioo pia. Maji yakiganda hupanuka karibu asilimia 9, na chombo kisicho na nafasi ya kutanuka hupasuka. Kwa sababu hiyohiyo usijaze mpaka ukingoni; acha upana wa kidole kimoja juu.

Namimina. Nagongagonga kikombe mezani, taratibu, mapovu yapande. Sasa vinaingia kwenye friza bila vijiti. Ndiyo, bila vijiti, kwa sababu sasa hivi kijiti kitaelea na kulala upande. Baada ya saa moja na nusu hivi fungua utazame: ukiona kumeanza kushikana kama uji mzito, chomeka kijiti katikati, kitasimama chenyewe. Vijiti ni hivi bapa vya mbao visivyo na rangi. Ukichonga mwenyewe vya mwanzi, vipige msasa visimchome mtoto, halafu vichemshe.

Kuhusu friza: igeuze kwenye baridi kali saa mbili kabla, na vikombe viguse sakafu au ukuta wake, visipandane. Barafu ikiganda haraka chembe zake huwa ndogo, na chembe ndogo ndizo ulaini. Friza ya nyumbani kwa kawaida ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na vikombe vidogo kama hivi vinataka saa tano hadi sita. Mimi naviacha mpaka kesho yake. Na mlango uufunge. Watoto wakifungua kila dakika kumi kutazama kama tayari, haitakuwa tayari.

Wakati hizo zinaganda, tuingie kwenye ukwaju. Nina gramu 200, ule wa kienyeji wenye kokwa. Tazama ninautia wapi: bakuli la stili. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na ukwaju ni mchachu, unakula alumini na kuchukua ladha ya chuma. Kioo, udongo au stili, hivyo ndivyo vyombo vyake. Namiminia maji ya moto vikombe vitatu, nafunika nusu saa. Kisha naufikicha kwa mkono mpaka nyama iachane na kokwa, nachuja, narudisha makapi kwenye bakuli na maji kidogo, nafikicha tena. Usitupe makapi mara ya kwanza. Rangi na ukali mwingi bado umo.

Sukari ya ukwaju naichemsha. Robo tatu ya kikombe cha sukari, nusu kikombe cha maji, kipande cha tangawizi kilichopondwa, moto mdogo dakika tano mpaka iwe shira nyepesi. Ikipoa naichuja ndani ya ukwaju. Chumvi kidogo, na kwa wanaopenda, pilipili manga ya kusaga, chembe tu. Hapa kanuni ya kuonja ni ileile, lakini uchachu nao unapungua kwenye baridi, kwa hivyo usiuogope ukali wake. Ukwaju unataka umfanye mtu afumbe jicho moja.

Barafu ya ukwaju haina mafuta, itakuwa ngumu kuliko ya embe. Ukitaka iwe laini, igandishe nusu, ikoroge kwa uma, kisha irudishe. Na kama unataka ile ya mistari, jaza embe nusu kikombe, ligande mpaka juu pawe pagumu, ndipo umimine ukwaju uliopoa kabisa. Ukiwa na uvuguvugu utaliyeyusha embe, na mstari hutauona.

Tikiti maji watu wananiuliza sana. Linafaa, ila karibu lote ni maji, kwa hivyo lisage bila kuongeza tone, toa kokwa, tia ndimu, na shira nyingi kuliko unavyodhani. Basi.

Sasa tunazitoa. Usivute kijiti kwa nguvu. Chovya kikombe kwenye maji ya kawaida ya mfereji, hesabu mpaka kumi na tano, zungusha kijiti taratibu. Imetoka! Tazama rangi hiyo. Maji ya moto yanayeyusha nje kabla ndani haijaachia, usiyatumie. Ambazo hazitaliwa leo zifunge kwa karatasi ya foili, ziweke kwenye mkebe wenye kifuniko mbali na samaki, maana tui hushika harufu upesi. Ndani ya wiki mbili ziwe zimeliwa. Stima ikikatika, usifungue friza: iliyojaa vizuri huhifadhi baridi siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Lakini barafu ya tui ikishayeyuka kabisa ikapata joto, usiigandishe upya. Imwage.

Na wewe usiye na friza, sijakusahau. Nunua barafu ya mabonge, ile wanayochukua wavuvi kwa samaki, na chumvi ya mawe, hii inayotoka huku kwetu Gongoni. Ponda barafu, itie kwenye ndoo au boksi la kuhifadhia baridi kwa tabaka: barafu kilo tatu, chumvi kilo moja. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke, na katika kuyeyuka inavuta joto la kila kilicho karibu, mpaka inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Barafu hiyo ya wavuvi si ya kula, kwa hivyo vikombe vyako vifunike juu kwa foili, vijiti vikipenya katikati, na uvizamishe mpaka karibu na shingo, maji yale yasiingie. Funika ndoo kwa gunia zito. Usiitie mkono mtupu humo ndani, inaunguza ngozi kama moto. Angalia baada ya saa moja. Vikombe vyembamba vya stili huwa vimeshika, vingine vinataka saa mbili. Ukivitoa, suuza nje ya kikombe kwa maji safi kabla ya kubandua foili, chumvi isije ikadondokea barafu, kisha chovya, zungusha, na umpe mtoto aliyengoja zaidi.