Daftari la Wakili Anayelipwa kwa Fedha za Umma

Wazee wangu, shikamooni. Mawakili wenzangu na wasaidizi wa kisheria mliotoka Pangani, Korogwe na Lushoto kuja hapa Tanga, asanteni kwa kufika.

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Sheria ya mwaka 1969 ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai ilikuja kufutwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017, iliyomweka Msajili wa watoa msaada wa kisheria na kuwatambua wasaidizi wa kisheria. Hayo mnayajua. Ninalotaka tulizungumze kwa kina ni kile kinachoandikwa daftarini baada ya wakili anayelipwa kwa fedha za umma kuteuliwa kumtetea mshtakiwa, kwa sababu ripoti zetu nyingi huhesabu majalada yaliyofungwa na kuinyamazia kazi iliyofanyika ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa jalada la mauaji lililokuwa kwa wakili mwingine. Ndani yake mlikuwa na hati ya mashtaka, maelezo ya mashahidi, na karatasi moja yenye maneno matatu kwa wino wa bluu: "Nimeonana na mteja." Haikuwa na tarehe, wala jambo lolote alilolisema mteja huyo. Nilipokwenda mahabusu, kijana yule alinieleza kwamba siku ya tukio alikuwa shambani kwa mjomba wake pamoja na watu wawili, na kwamba alikwisha kulisema hilo tangu mwanzo. Nilipowatafuta, mmoja alikuwa amefariki, na wa pili hakuna aliyejua alikohamia. Sheria inataka utetezi wa kutokuwepo mahali pa tukio utolewe taarifa mapema. Mstari mmoja ungetosha kutukumbusha. Jambo lile linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, safu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote daftarini ni tarehe ya kuonana na mshtakiwa kwa mara ya kwanza, iandikwe kando ya tarehe ya kuteuliwa. Anayekagua akikuta kuonana huko kumeangukia siku ile ile kesi ilipoanza kusikilizwa, ameshajua utetezi ulikuwa wa namna gani. Nauli na gharama za nakala za mwenendo wa kesi nazo ziandikwe, pamoja na stakabadhi zake.

Kule Texas, Marekani, sheria ya mwaka 2013 inawataka mawakili wanaoteuliwa waeleze kila mwaka ni sehemu gani ya muda wao wa kazi iliyokwenda kwenye kesi hizo. Nchini humo kilikuwapo tangu mwaka 1973 kipimo cha kesi 150 za makosa makubwa kwa wakili mmoja kwa mwaka, na mwaka 2023 watafiti walitoa kipimo kipya kinachohesabu saa zinazohitajika kwa kila aina ya kesi. Sisi hatuwezi kudai kipimo chetu wenyewe ikiwa saa zetu hazijaandikwa popote.

Wapo wanaohofia siri ya mteja, na hofu yao ni ya haki. Maneno ya mteja yabaki ndani ya jalada lililofungiwa. Ripoti ibebe namba ya kesi, tarehe, saa na fedha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hata jina halina sababu ya kuwekwa humo.

Mezani mna nakala za ukurasa mmoja wa daftari. Kabla ya chai, naomba kila mmoja wetu aujaze kwa jalada lake la mwisho, na safu asiyoweza kuijaza aiache wazi ili tuanzie hapo.