Wanahesabu Magari, Hawaangalii Betri

Mama zangu, baba zangu, vijana wa chuo, asanteni kwa kufika. Wanaonijua hapa Lubumbashi wanajua nitaanzia wapi: kobalti, madini yetu yanayoingia kwenye betri za magari ya umeme. Naanzia hapo tena kwa sababu bado watu wananiletea karatasi za utabiri wa bei kana kwamba mwaka 2018 haukupita.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule, tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000 katika soko la London. Watabiri walisema magari ya umeme yataongezeka, kwa hiyo bei itazidi kupanda. Magari yameongezeka kweli. Lakini mwanzoni mwa 2025 tani hiyohiyo ilikuwa kwenye dola 21,000 hivi. Imekuwaje? Sisi Wakongo tulizidisha kuchimba, hilo linajulikana. Lisilosemwa ni la pili: viwanda vya China viligeukia betri ya chuma na fosfati, isiyo na hata gramu moja ya kobalti. BYD, kampuni ya magari ya China, ikaishika, na Oktoba 2021 Tesla ya Marekani ikatangaza kwamba magari yake ya masafa ya kawaida, duniani kote, yatatumia betri hiyo. Na sababu mojawapo ya kuhama ni bei yetu ileile tuliyokuwa tunaishangilia! Ndiyo maana nakasirika nikiona mtu anafurahia bei kupanda bila kuuliza mhandisi wa kiwandani siku hiyo anajaribu nini.

Nendeni Musompo, soko la madini karibu na Kolwezi. Mchimbaji anatua gunia depo, wanampimia asilimia ya kobalti kwa kile kimashine, kisha anainua macho kusoma bei ubaoni. Bei ile imeandikwa kwa chaki Kolwezi, lakini imeamuliwa na mtu wa Shenzhen anayechagua kitakachoingia kwenye betri. Mchimbaji hana wa kumweleza hivyo. Wenye karatasi wanao uwezo wa kuuliza, na hawaulizi.

Mtu ataniambia: profesa, si serikali yetu ilifunga mauzo ya kobalti nje Februari 2025 na bei ikapanda? Ilipanda, sipingi. Oktoba ukaja mgawo, yaani kikomo cha mauzo ya nje, tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vilevile 2027. Lakini mwenye kiwanda akiikosa kobalti, au akiipata kwa bei ya kuruka, amepata sababu nyingine ya kuiacha. Tena Indonesia ipo: inachimba nikeli, kobalti inatoka humohumo, na mitambo imejengwa kwa fedha za Wachina walewale walio hapa kwetu.

Mwingine atasema shaba haina shida. Ina nafuu, nakubali, haja ya waya haina mwisho. Ila zaidi ya nusu ya shaba ya dunia inatumika China. Viwanda vikihamia Vietnam au Mexico, utabiri unaotazama China peke yake unapotoka. Na shaba ikiwa ghali mno, aluminiamu inashika nafasi yake kwenye nyaya. Hapa nilikuwa na mengi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

La mwisho ni mrabaha, fedha ambazo kampuni za madini zinalipa kwa madini zinayouza. Kobalti inatozwa asilimia 10, na kwa sheria ya 2018 robo ya mrabaha ni ya jimbo, asilimia 15 ni ya miji, sekta na usultani, yaani tawala zilizo chini ya jimbo. Shule na barabara zimepangwa juu ya fedha hizo. Wakubwa wa bajeti mlioketi mbele: mlitumia bei ya nani, na huyo aliyeitabiri alihesabu betri ya aina gani? Kipaza sauti kiko hapo, tunaomba mtujibu.