Maneno ya Mezani: Mhadhara juu ya Lugha ya Poka

Bapapa, bamama, na ninyi vijana mliosimama kule ukutani kwa kukosa viti, karibuni. Nimeombwa nizungumze juu ya maneno ya poka, nami nimekubali kwa moyo wote. Hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo mpaka Katuba, vijana wengi wanajua kugawa karata kabla ya kujua kinachosemwa mezani. Mchezo huu unachezwa kwa mdomo sawasawa na unavyochezwa kwa karata. Neno moja likikutoka vibaya linaondoka na falanga zako, na mezani hakuna wa kukurudishia.

Sitaanza na majina ya mikono, yaani mafungu ya karata tano yanayoshindanishwa mezani. Wafundishaji wengi huanzia huko, na wanafunzi wao hutoka wakijua kare, karata nne za namba ileile, ni nini, ila hawajui saa gani watupe karata. Mimi naanzia kwenye dau.

Katika poka ya Texas, ambayo ndiyo inayochezwa zaidi siku hizi, wachezaji wawili hulazimika kuweka fedha kabla ya kuona karata zao. Ndizo blendi, ndogo na kubwa. Kwa kawaida kubwa ni mara mbili ya ndogo. Zinawekwa na wawili walio kushoto kwa butoni, kile kidude cha duara kinachoonyesha nani anahesabiwa kuwa mgawaji. Kila mkono ukiisha, yaani kila mgawo wa karata, butoni inasogea mtu mmoja upande wa kushoto, kwa hiyo kila mmoja atalipa blendi kwa zamu yake. Bila blendi, watu wangekaa wakisubiri asi mbili, karata kubwa kuliko zote, mpaka usiku wa manane. Fedha yote iliyowekwa hukusanywa katikati, na fungu hilo tunaliita poti.

Kila mtu anapata karata mbili za siri. Dau linazunguka mara ya kwanza. Halafu zinafunuliwa karata tatu kwa mpigo, ndiyo flopu, na dau linazunguka tena. Karata ya nne ni teni, ya tano ni riva, na baada ya kila moja watu wanasema tena. Mizunguko minne ya dau, karata tano za wote katikati, mbili zako mkononi. Katika hizo saba unachagua tano zilizo bora. Sura nzima ya mchezo ndiyo hiyo.

Sasa, zamu yako ikifika, una nini cha kusema? Kama hakuna aliyeweka dau, unaweza kupita, yaani unabaki mchezoni bila kutoa kitu. Wengi hugonga meza kwa vidole, inatosha. Kama dau lipo, unaweza kufuata, ukatoa kiasi kilekile. Unaweza kupandisha, ukatoa zaidi. Au unatupa karata na kukaa nje mpaka mkono unaofuata.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Katika Kifaransa cha mezani, «passer» mara nyingi maana yake ni kutupa karata. Katika michezo mingine ya karata tuliyokua nayo, mtu anayepita anangoja tu zamu yake nyingine. Basi kijana anasema «je passe» akidhani anabaki, mgawaji anavuta karata zake, na ugomvi unaanza. Kabla ya mkono wa kwanza, kubalianeni: kupita ni kugonga meza, kutupa ni kusukuma karata mbele. Kwenye meza zenye taratibu kali, ulichokitamka katika zamu yako kinakufunga. Ukisema «napandisha», umepandisha, hata kama mkono wako bado uko mfukoni. Na ukiweka jetoni moja kubwa, kile kidude kinachosimama badala ya fedha, kimya, bila kusema lolote, mbele ya dau dogo la mwenzako, inahesabiwa kwamba umefuata tu.

Neno tapi mnalijua wote. Kijana akiwa na furaha hulipiga kelele mpaka jirani anasikia. Kwenda tapi ni kusukuma jetoni zako zote katikati. Lakini wachache wanajua kinachofuata pale watu watatu wanapokwenda tapi na mafungu yao hayalingani. Tuseme mmoja ana falanga 5,000, wa pili ana 12,000, wa tatu ana 20,000. Mwenye 5,000 anaweza kushinda 5,000 tu kutoka kwa kila mmoja, kwa hiyo poti kuu ni 15,000. Kinachobaki kati ya wale wawili, 7,000 kwa 7,000, kinafanya poti ya pembeni ya 14,000, na yule wa kwanza haimhusu kabisa. Falanga 8,000 zilizozidi zinarudi kwa mwenyewe. Shikeni hesabu hii, maana nusu ya magomvi ninayosikia yanatoka kwenye poti ya pembeni. Na kumbukeni, mkono ukishaanza hakuna kuingiza noti nyingine kutoka mfukoni. Unacheza na kilicho mezani.

Mikono nitaipitia haraka. Kwa rangi nne za karata tunasema pike, kere, karo na trefle. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema shupaza, kopa, uru na pau, na mkicheza nao msishangae. Kutoka chini kwenda juu: karata kubwa peke yake, jozi, jozi mbili, brela ya karata tatu za namba ileile, kenti ya karata tano zinazofuatana, kulere ya karata tano za rangi moja, fulu ambayo ni brela na jozi pamoja, kare ya karata nne za namba ileile, halafu kenti fleshi, tano zinazofuatana na zote rangi moja. Kwa kulere, rangi si wekundu na weusi. Kere tatu na karo mbili zote ni nyekundu, lakini hazifanyi kulere, na kila wiki kuna anayelia kwa kosa hilo.

Kwa nini kulere inaishinda kenti? Hakuna mzee aliyekaa akaamua tu. Katika karata 52 kuna mikono ya karata tano ipatayo 2,598,960. Kati ya hiyo, kenti za kawaida ni 10,200 na kulere ni 5,108. Fulu ni 3,744, kare ni 624, na kenti fleshi zote, pamoja na ile ya juu kabisa inayoishia kwenye asi, ni 40. Kilicho adimu kinakaa juu. Ukijua hivyo huna haja ya kukariri.

Sasa nafika kwenye maneno ninayoyapenda, yale ambayo mtu anaweza kucheza miaka bila kuyatamka, na ndiyo yanayotofautisha mchezaji na mpotezaji.

La kwanza ni nafasi, mahali ulipokaa ukihesabu kutoka kwenye butoni. Baada ya flopu, mwenye butoni anasema wa mwisho. Ameona nani amepita, nani ameweka dau, nani amesita. Yule wa blendi ndogo anasema wa kwanza, gizani. Karata zilezile mbili, tuseme rwa na vale, yaani mfalme na mtumishi wake, ni mali kwenye butoni na ni mzigo kwenye kiti cha kwanza. Kama mtaondoka leo na neno moja tu, lichukueni hili.

La pili ni karata za kuokoa. Una karata nne za pike, teni imeshafunuliwa, unasubiri riva ikuletee pike ya tano upate kulere. Pike ziko 13, umeona nne, zimebaki tisa. Karata usizoziona ni 46. Tisa katika 46 ni karibu asilimia 20, mara moja katika tano. Hiyo ndiyo nafuu yako.

Na la tatu linakwenda pamoja nalo: bei ya poti. Poti ina falanga 6,000, mwenzako anaweka 3,000. Ili ufuate unatoa 3,000, na poti nzima itakuwa 12,000. Unatoa robo ya poti, asilimia 25, kununua kitu kitakachokuja kwa asilimia 20. Ghali, tupa. Lakini angeweka 1,500 tu, ungetoa 1,500 katika poti ya 9,000, chini kidogo ya asilimia 17. Hapo fuata, hata kama utapoteza mara nne katika tano. Ndiyo, mama?

Mama anauliza: inakuwaje mtu afuate wakati anajua kwamba mara nyingi atapoteza? Swali zuri sana. Mama anayeuza nyanya sokoni hafaidiki kwa kila ndoo. Anaangalia amenunua kwa bei gani na anauza kwa bei gani, na faida anaihesabu mwisho wa msimu. Mchezaji naye asiulize kama ameshinda mkono huu. Aulize kama aliununua kwa bei nzuri.

Neno blefu, yaani kuweka dau ukiwa na karata mbaya ili wenzako watupe zao, nalo limechafuliwa. Watu wanadhani ni ujanja wa mtu mwongo. John von Neumann, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Budapest, alianza kuandika juu ya nadharia ya michezo mwaka 1928, na katika kitabu alichotoa mwaka 1944 pamoja na Oskar Morgenstern alionyesha kwa hesabu kwamba blefu ni sehemu ya mchezo sahihi. Mtu anayeweka dau kubwa akiwa na karata nzuri tu husomwa mara moja. Wenzake wanatupa, na karata zake nzuri hazimlipi kitu. Blefu inazifanya karata zako nzuri zilipwe. Nayo ina bei. Ukiweka dau sawa na poti, lazima mwenzako atupe nusu ya mara ili usipate hasara. Ukiweka nusu ya poti, theluthi inatosha. Asiyejua namba hizi anabahatisha tu kwa sauti kubwa.

Mwaka 2017, huko Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, ikawashinda. Ilipiga blefu bila moyo kudunda, bila kutoa jasho. Hesabu ndiyo iliyoiambia ifanye hivyo. Mwaka 2019 programu iliyofuata, Pluribus, ilishinda kwenye meza ya watu sita.

Labda mmeona kwamba maneno yetu ni mchanganyiko. Tapi, brela, kare na kave yametufikia kwa Kifaransa. Flopu na riva yametoka Marekani, ambako mchezo wenyewe ulikomaa karne ya 19 kwenye mashua za mvuke za mto Mississippi, ukianzia New Orleans, mji uliokuwa wa Wafaransa. Mashindano makubwa ya Las Vegas yalianza mwaka 1970. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliyepata kiti chake kwa kucheza kwenye intaneti, aliyashinda na kuondoka na dola milioni 2.5. Tangu hapo vijana wa dunia nzima wanajifunza kwenye skrini, na wa hapa kwetu wamo.

Habari ya Moneymaker ndiyo inayonipa wasiwasi, na nitasema wazi. Yalikuwa mashindano ya watu 839, na sisi tunamjua mmoja. Kwa hiyo kuna maneno mawili ya fedha ambayo lazima myashike. Kave ni kiasi unachoingia nacho mezani. Kiamue ukiwa nyumbani, kitoke katika fedha isiyo ya kodi, isiyo ya minervale, ada ya shule ya watoto, na kikiisha, simama. Kurudia kave usiku huohuo ndiko kunakomaliza watu. Na katika kasino, kwenye poka mnachezeana ninyi kwa ninyi, lakini nyumba inakata sehemu yake, mara nyingi katika kila poti. Meza ikikaa masaa sita, fedha iliyo juu yake imepungua hata kama hakuna aliyeondoka. Ili ushinde, haitoshi kuwazidi wenzako. Lazima uwazidi kwa zaidi ya kile kinachokatwa.

Tilti ndiyo ndugu wa kave ya pili. Mtu ana asi mbili, mwenzake ana jozi ya saba, wote wanakwenda tapi, na riva inaleta saba ya tatu. Kabla ya flopu asi hizo zilikuwa na nafasi ya kushinda karibu mara nne katika tano, hakukosea kitu. Lakini sasa damu inachemka, anafuata kila dau, anapandisha kwa hasira. Huyo yuko kwenye tilti. Mwenye urafiki naye amwambie atoke nje apigwe na upepo, asimcheke.

Nimesema vya kutosha, maneno yanataka mikono. Meza zimepangwa kule nyuma, watu sita kwa kila moja. Jetoni zetu leo ni vifuniko vya chupa, ishirini kwa kila mtu, na noti zibaki mifukoni. Blendi ndogo ni kifuniko kimoja, kubwa ni viwili. Kila mmoja avute karata moja. Mwenye kubwa anachukua butoni. Katika mikono mitano ya kwanza, kila anayetupa karata aseme kwa sauti kwa nini ametupa, tuisikie bei aliyoikataa. Wazee watangulie kuchagua viti. Na mama wa swali, njoo ukae hapa kwenye meza ya mbele, wewe ndiwe utakayetugawia.