Mti Upi Upigiwe Kura?

BAKARI: Karibuni tena. Leo tuna kura, ila si ya siasa. Wakazi wanachagua mti wanaoupenda kuliko yote hapo walipo.

ZAWADI: Na ukiwaachia hivi hivi, kaka, watachagua ulio mkubwa kuliko wote. Mimi nakataa.

BAKARI: Mkubwa una kosa gani?

ZAWADI: Hauhitaji kura, unahitaji futi kamba. Unazungusha kwenye shina, usawa wa kifua, mita 1.3 hivi kutoka chini, mshindi kapatikana. Shindano la Mti wa Mwaka wa Ulaya, lililoanza 2011, halitafuti mti mzuri zaidi wala mkongwe zaidi. Linatafuta mti wenye kisa na watu wake.

BAKARI: Kama upi?

ZAWADI: Mshindi wa 2015. Mwaloni wa Orissaare, kwenye kisiwa cha Saaremaa, Estonia. Uko katikati ya uwanja wa mpira!

BAKARI: Pembeni, labda.

ZAWADI: Ndani kabisa! Uwanja ulipanuliwa zama za Wasovieti, mti ukajikuta ndani. Wenyeji husimulia kwamba matrekta yalijaribu kuung'oa, kamba za chuma zikakatika. Basi wakauacha. Mchezaji mjanja anaugongesha mpira, unamrudia, beki ameshaachwa.

BAKARI: Huo ni mchezaji wa kumi na mbili, dada. Kura yangu unayo. Ila mti ukishatangazwa, watu humiminika, na hapo ndipo mateso yake huanza. Mizizi mingi inayonyonya maji iko juu juu, na hutandaa kupita kivuli cha matawi. Udongo ukikanyagwa kila siku unashindiliwa, maji na hewa havipenyi. Matawi ya kileleni yanaanza kukauka, watu wanasema mti umezeeka.

ZAWADI: Kwa hiyo tusiuchague?

BAKARI: Chagueni, ila wekeni uzio, mwageni matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, yasigusane na shina. Na mjue mapema ardhi ni ya nani.

ZAWADI: Na umaarufu si ulinzi. Ule wa Sycamore Gap, kando ya Ukuta wa Hadrian, ule wa kale wa Warumi, ulikuwa Mti wa Mwaka wa England 2016. Septemba 2023 ukakatwa usiku kwa chenso.

BAKARI: Wawili walihukumiwa 2025, miaka minne na miezi mitatu jela kila mmoja. Kisiki kimechipua, lakini sote tunajua chipukizi si mti ule.

ZAWADI: Inauma, bwana.

BAKARI: Sasa ile miti iliyopendekezwa ikashindwa, tunaifanyaje?

ZAWADI: Orodha yake msiitupe! Mimi naiona ina faida kuliko jina la mshindi, maana kila mti humo una mtu atakayepiga kelele ukiguswa. Wapelekeeni nakala wanaopanga barabara na majengo, kabla hawajaanza kuchora.